Plagi ya hedifoni za elektrostati ina pini 6, soketi ya amplifaya ina matundu 5. Nikate pini?

mlio_safi

Wakuu habari zenu, naomba msaada kabla sijaharibu kitu. Nimepata hedifoni za elektrostati za mtumba za kampuni ya Stax ya Japani, SR-Lambda ile ya mwanzo kabisa, zile zenye umbo la boksi. Niliwahi kuzivaa mara moja tu kwa rafiki yangu miaka ya nyuma, akaniwekea wimbo wa mtu mmoja na gitaa lake, na mpaka leo nakumbuka nilivyosikia kidole kinavyoachia uzi kabla ya noti inayofuata, yani nilitulia kimya nikasahau hata kumshukuru. Toka hapo nikasema lazima siku moja niwe nazo. Sasa ninazo na siwezi kuzisikiliza.

Shida iko hivi. Plagi yake ni kubwa ina pini 6. Mi nina amplifaya nzuri tu ya spika, wati 100 kila upande, nikadhani ntaunga waya wa kubadilisha nimalize kazi, naambiwa haiwezekani lazima amplifaya yake maalum. Sawa, nikapata mtu anauza Stax SRM-252S, kadogo hivi, ila soketi yake ina matundu 5. Nikamuuliza, akasema hakuna tatizo kata pini moja ile ya ziada itaingia, eti kashawaambia wengi hivyo. Koleo ninalo hapa mezani ila roho inasita.

Maswali mawili: nikate? Na kwa nini wati 100 zishindwe kusukuma kitu chepesi hivi wakati spika nzito zinatikisa mpaka madirisha?

fundi_kapasita

Weka koleo chini mkuu. Usikate.

Hiyo tofauti ya pini 6 na 5 haikuwekwa kwa bahati mbaya, imewekwa ili watu wasifanye hicho unachotaka kufanya. Pini 6 maana yake hedifoni ya bayasi ya kawaida, volti 230. Pini 5 ni ile wanaita Pro, volti 580, ilianza 1982 na Lambda Professional. Yako ni ya 1979, ni ya volti 230. SRM-252S inatoa 580 peke yake, haina nyingine.

Sasa bayasi ni nini. Ndani ya hizo hedifoni hakuna koili wala sumaku. Kuna kiwambo cha plastiki chembamba sana, mikroni chache tu, wembamba ambao unywele wako ukiuweka pembeni yake unaonekana kamba ya meli, na hicho kiwambo kimewambwa kama ngozi ya ngoma katikati ya vibao viwili vyenye matundu. Kiwambo kinapewa chaji ya umeme wa kudumu, ndo bayasi yenyewe. Muziki hauendi kwenye kiwambo, unaenda kwenye vile vibao, kimoja kikipanda kingine kinashuka, basi kiwambo kinavutwa huku kinasukumwa na kule, uso mzima kwa wakati mmoja. Koni ya spika ya kawaida inasukumwa pale kwenye koili tu, kwingine kote inaburuzwa. Hapo ndo kile kidole chako cha gitaa kinapotokea.

Nafasi kati ya kiwambo na kibao ni ndogo mno, chini ya milimita moja, na kwenye zile za pini 6 ni ndogo zaidi kuliko za Pro. Ukiingiza 580 mahali palipopimwa kwa 230, kiwambo kinaweza kuvutwa na kibao cha upande mmoja kikanata hapo hapo, au cheche ikaruka ikakitoboa. Kikitoboka ndo basi. Aliyekwambia ukate sidhani kama ana nia mbaya ila hajui anachosema.

Kinyume chake kinakubali. Plagi ya Pro ya pini 5 inaingia kwenye soketi ya matundu 6 na haiharibiki, ila inapata 230 badala ya 580 kwahiyo sauti inashuka kama desibeli 8. We kesi yako ni ile mbaya.

Mama_Spika

Fundi kamaliza la pini, ngoja mi niguse la wati maana ndo linawachanganya wengi.

Kaka, wati ni volti mara mkondo. Spika ya omu 8 inakula mkondo mwingi kwa volti chache. Wati zako 100 kwenye omu 8, zidisha 100 kwa 8 unapata 800, tafuta kipeuo chake cha pili, ni volti 28 hivi. Basi, hiyo amplifaya yako kubwa inayotikisa madirisha mwisho wake ni volti 28. Hedifoni za Stax za ukoo huu wa Lambda zinataka kama volti 100 ndo zitoe karibu desibeli 100, na vilele vya muziki vinaweza kudai mara mbili au tatu ya hapo. Ndo maana hata hiyo SRM-252S unayoiita kadogo kiwango chake cha juu ni volti 280, na kubwa kama SRM-727 zinafika 450.

Upande wa mkondo sasa ni kinyume kabisa. Vibao viwili na kiwambo katikati ni kapasita, yani kitu cha kuhifadhi chaji, ukijumlisha na waya wake ni kama pikofaradi 110. Kwenye masafa ya hezi 10,000 hiyo ni sawa na kiloomu 145. Piga hesabu, volti 100 ukigawa kwa 145,000 hata miliampea moja haifiki! Kwahiyo amplifaya yako ya spika imejengwa kwa kazi tofauti, ina mkondo wa kumwaga ambao hapa hautakiwi, na haina volti ambazo ndo zinatakiwa. Na bayasi pia haina.

Ila usiiuze. Kuna njia ya kuitumia hiyo hiyo, transfoma. Stax walikuwa wanatengeneza visanduku, SRD-7 ndo vinavyopatikana zaidi, unaunga kwenye matokeo ya spika ya amplifaya yako, ndani transfoma zinapandisha volti, na bayasi inatengenezwa humo humo kutoka umeme wa ukutani. Mi nimeishi na SRD-7 ya volti 230 miaka mingi na bado naipenda. Angalia tu isiwe SRD-7 Pro, hiyo ni ya 580.

Halafu waya wa hedifoni usiurefushe ovyo, kila urefu unaoongeza ni kapasita unaongeza.

sikio_moja

Mi nakubaliana na wote wawili ila nataka kuongeza kitu maana najua kinachofuata, utaanza kusoma huku na kule utaambiwa bila amplifaya kubwa kuliko kabati hizo hedifoni hazina maana. Sio kweli, na sio uongo wote.

Iko hivi. Mkondo mdogo alosema dada hapo juu ni kwa volti 100. Chukua volti 300 kwenye hezi 20,000, pale kapasita inakuwa kiloomu 72 tu, mkondo unafika miliampea 4 na kitu, na kilele chake kinakaribia 6. Amplifaya ambazo hatua ya mwisho imewekewa mkondo mdogo wa kupumzikia zinaishiwa hapo, haziwezi kujaza na kumwaga kapasita haraka inavyotakiwa, na ukiishiwa mkondo huko juu sauti inakuwa ngumu ina ukali fulani unaochosha. Hilo lipo, linapimika. Lakini jiulize muziki gani una volti 300 kwenye hezi 20,000? Nguvu kubwa ya muziki iko chini na katikati, huko juu ni kidogo kidogo. Kwahiyo kwa mtu anayesikiliza kwa sauti ya kawaida, amplifaya nzima ya kati inatosha sana. Tofauti kubwa zaidi mimi nimeisikia kwenye besi, pale amplifaya dhaifu inapogota kwenye mapigo makubwa kwasababu volti zimeisha.

Sasa mtu anayependa Stax SR-007 atanikatalia, na kwa hiyo moja namkubalia, ile inafunguka kweli ikipewa amplifaya yenye nguvu, nimeisikia kwenye amplifaya inaitwa Blue Hawaii yenye valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) za EL34 na sikutaka kuivua. Lambda yako sio mlafi hivyo.

Ushauri wangu kwa mlio_safi tafuta amplifaya ya Stax SRM-T1. Ina valvu kwenye hatua ya mwisho na ina soketi zote, za Pro na ile ya matundu 6, kwahiyo Lambda yako inaingia bila kukata chochote na kesho ukipata ya Pro unayo sehemu ya kuichomeka.

kimya_kimya

Samahani kudandia uzi. Hivi volti 580 kichwani ni salama kweli? Mke wangu kakataa nisinunue kwasababu hiyo hiyo. Na kuna zile za elektreti nazo ni kitu kimoja na hizi?

fundi_kapasita

Kwenye kichwa ni salama mkuu, mwambie shemeji asiwe na hofu. Bayasi inapitia rezista kubwa sana, kwenye nyingi ni karibu megaomu 5, kwahiyo hata ukigusa pale, 580 gawa kwa 5,000,000 unapata kama miliampea 0.1, na vibao vyenyewe vimefunikwa hufikii kwa mkono. Watu wanazivaa toka SR-1 ya mwaka 1960.

Hatari iko ndani ya AMPLIFAYA. Humo kuna volti mia tatu na zaidi chanya, na mia tatu na zaidi hasi, zenye mkondo wa kuua mtu, na kapasita zake zinabaki na umeme hata ukishachomoa ukutani. Kama hujawahi kufanya kazi na umeme mkubwa usifungue. Kabisa.

Elektreti ni tofauti, zile chaji imefungiwa ndani toka kiwandani, hazitaki bayasi ya nje. Usizichomeke kwenye soketi yenye bayasi.

mlio_safi

Nimerudi wakuu, na kwanza asanteni sana, mmeokoa hedifoni zangu kweli kweli. Yule wa SRM-252S nimemwambia hapana asante. Nikapata SRM-T1 kama alivyosema sikio_moja, imetoka Japani, soketi zote zipo, plagi imeingia vizuri kabisa pini zote 6.

Lakini sijaiwasha. Nyuma imeandikwa 100 V. Huku kwetu ukutani ni volti mia mbili na kitu. Je inajirekebisha yenyewe kama chaja ya laptopu?

Mama_Spika

Umefanya vyema kutoiwasha. HAIJIREKEBISHI. Hii ina transfoma ya kawaida ya chuma, ukiipa mara mbili ya umeme wake kila kitu ndani kinapata mara mbili, valvu zinachomwa nyuzi zake, kapasita zinapasuka, na bayasi yako ya 230 inakwenda mia nne na ngapi sijui huko, hedifoni nazo unazipoteza siku hiyo hiyo. Nimeona mtu analia kwa hilo.

Tafuta transfoma ya kushusha, inayotoa volti 100 kamili. Zipo nyingi zinazotoa 110 au 120 na watu wanaambiana inatosha, mi sikushauri, asilimia 10 au 20 ya ziada kwenye mashine ambayo tayari inapata moto sana ni kuifupishia maisha. Kuhusu ukubwa angalia wati zilizoandikwa pale pale nyuma uchukue transfoma yenye angalau mara mbili. Wengine wanafungua wanahamisha waya za transfoma ya ndani kama inakubali, hiyo mpelekee fundi anayejua, na akimaliza apime bayasi na matokeo kabla hujachomeka hedifoni.

Na iache sehemu inayopumua, usiweke kitu juu yake. Zinachemka hata kama hamna muziki, ni kawaida yake.

mlio_safi

Transfoma ya volti 100 imepatikana, nimewasha, nimesubiri dakika 20 kama maelezo yanavyosema, nimevaa.

Aisee.

Sijui niseme nini. Nimeweka ule ule wimbo wa gitaa. Kidole kipo. Na nyuma yake kuna kiti kinalia, miaka yote hii sikuwahi kujua kama kuna kiti. Nimekaa mpaka saa nane usiku.

Ila kuna tatizo, na nimejaribu kulipuuza nimeshindwa. Kushoto sauti iko chini kuliko kulia. Sio sana lakini mwimbaji hakai katikati, anakaa kulia kidogo. Na mara moja moja kushoto kuna kitu kinachirizika kama mafuta kwenye kikaango, kidogo sana, nikitulia ndo nakisikia. Ndo kiwambo kimeshakufa?

sikio_moja

Pole, ila usikate tamaa, hii ndo ugonjwa wa kawaida wa hizi za zamani na mara nyingi unatibika.

Kabla ya kulaumu hedifoni fanya hivi. Zigeuze uvae mbele nyuma, kushoto iende sikio la kulia. Kama mwimbaji bado anakaa upande ule ule wa kichwa chako basi ni masikio yako, usicheke, kuna mtu alitengeneza amplifaya mara tatu kumbe sikio lilikuwa limeziba nta. Akihama, rudisha kawaida kisha badilisha nyaya za RCA, zile zinazoleta muziki kutoka kwenye chanzo, nyuma ya amplifaya, ya kushoto weka kulia. Udhaifu ukihamia kulia, shida ni kwenye chanzo au waya. Ukibaki kushoto, ni amplifaya au hedifoni, na hapo unahitaji kuazima hedifoni nyingine kujua ni ipi.

mlio_safi

Nimefanya vyote. Kugeuza kunahama, RCA haibadilishi kitu. Nimeazima hedifoni nyingine ya pini 6 kwa yule rafiki yangu wa zamani, iko sawa pande zote. Kwahiyo ni Lambda yangu upande wa kushoto.

fundi_kapasita

Safi, sasa tunajua tunapigana na nani.

Sauti chini pamoja na huo mchirizo kwa uzoefu wangu ni chaji inavuja. Kiwambo kinatakiwa kishike chaji muda wote, unyevu ukiingia, au vumbi, chaji inapata njia ya kutorokea, upande huo unakuwa na bayasi pungufu na nguvu ya kuvuta inapungua nayo. Mchirizo ni umeme unatambaa kwenye hiyo njia. Kama kiwambo kingetoboka au kunata ungesikia vibaya zaidi ya hapo.

Zichomoe, ziweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika jeli, vingi, viwe vikavu kweli (vile vilivyokaa droo mwaka mzima vimeshanywa maji havisaidii). Siku tatu, nne, ziache humo. Ukitoa zichomeke ziache na bayasi bila muziki masaa kadhaa ndo usikilize.

Usipulizie mashine ya kukausha nywele. Joto linalegeza kiwambo, na kiwambo kikilegea hakina fundi. Usipulizie hewa ya mgandamizo pia, wala usipitishe brashi, mbele ya vibao kuna ngozi nyingine nyembamba ya kuzuia vumbi ukiichana ndo umefungua mlango.

Angalia na sponji la ndani mbele ya spika. Kwa umri huu mengi yameoza yanageuka unga, na unga huo unaangukia pale pale kwenye ile ngozi ya vumbi. Lione tu kwa tochi kwanza.

mlio_safi

Siku ya tano leo. Nilifungua nikakuta sponji la kushoto limeoza kama mlivyosema, nikaligusa likabaki kidoleni, nimelitoa kipande kipande hedifoni nikiwa nimeielekeza chini ili unga udondoke nje, na bado nililala na wasiwasi. Halafu silika siku nne.

Mchirizo umekwisha, nimekaa usiku kucha nikiusubiri haukuja. Sauti ya kushoto imepanda, mwimbaji karudi katikati, au labda kasogea kulia unene wa unywele, siwezi kuapa. Besi ndo naona nyepesi kidogo kushoto, nikikandamiza kwa mkono inarudi.

Mama_Spika

Hiyo ya kukandamiza ikarudi ni mto wa sikio, hauzibi vizuri. Hizi hedifoni hewa ikipata upenyo besi inakimbia mara moja. Mito ya Lambda inashikwa kwa gundi ya pande mbili, ya zamani inakakamaa inaachia pembeni. Badilisha yote miwili kwa pamoja usibadilishe mmoja, na ukiitoa safisha gundi yote ya zamani kwa kucha, usitumie spiriti karibu na kiwambo.

Na huo unywele wa kulia uache wiki mbili kwanza, nyingine zinaendelea kujirudi kadri zinavyokaa na bayasi.

kimya_kimya

Mke wangu kasoma uzi wote. Kasema ninunue, ila amplifaya ikae juu ambako mtoto hafiki.

mlio_safi

Mito nimeagiza. Koleo nimerudisha kwenye sanduku. Ntawaletea majibu ya besi ikifika.